Mzee Ojwang' Hamchekeshi Kijana Wangu: Je, Kumbukumbu Imenidanganya?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nilikulia Voi, na jioni ya Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, nyumbani kwetu hakuna aliyekubali kutumwa dukani. Wiki iliyopita nilimtafutia kijana wangu wa miaka 14 vipande vya Mzee Ojwang' na mkewe wa kwenye mchezo, Mama Kayai, mtandaoni. Alitazama viwili, akaniuliza mbona wanazungumza polepole hivyo, kisha akarudi kwenye mambo yake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi sikucheka kama nilivyotarajia. Je, vilikuwa vichekesho vizuri kweli, au tulicheka kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kutazama? Na mbona hawatokei tena wasanii kama wale?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Vilikuwa vizuri, na kumbukumbu yako haijakudanganya. Natanguliza hilo kwa sababu naona swali lako limebeba hofu. Lakini kijana wako naye hakukosea. Ulichomwonyesha hakikuwa Vitimbi. Vilikuwa vipande vilivyokatwa katikati ya Vitimbi, na vichekesho vya namna ile vikikatwa hufa.

Kwa haja ya swali lako, tutenganishe vichekesho vya namna mbili tu. Kuna kichekesho cha tukio: mtu anateleza, anakalia kiti kilichovunjika, anamdanganya mwenzake kisha ananaswa yeye mwenyewe. Hicho unaweza kukikata vipande ukampa mtu yeyote popote alipo, akacheka. Halafu kuna kichekesho cha tabia, ambacho hakichekeshi mpaka umjue mhusika. Vitimbi ilikuwa ya namna hii ya pili karibu yote. Jaribu kumsimulia mtu kipindi kimoja unachokikumbuka. Utaona kisa chenyewe ni chembamba mno: ugomvi wa pesa, mgeni aliyekaa kupita siku zake, uvumi uliovuka ua ukarudi umenenepa. Hakuna mzaha wa kubeba kwenda nao shuleni kesho yake. Watoto walichobeba ni Ojwang' mwenyewe, yaani mwendo wake, sauti yake, na namna yake ya kukasirika.

Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alizaliwa mwaka 1937, na alikuwa mtu mzima kabisa alipoanza kujulikana kwenye runinga, kwanza katika Darubini, kisha katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Ukimtazama kwa jicho la mtu anayefundisha uigizaji, kama mimi, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba hana haraka. Anaingia, anatazama, anakunja uso, ananyamaza, ndipo anafoka. Ule upole ambao kijana wako ameuona kama kasoro ndio ufundi wenyewe. Wakati wa kile kimya, mtazamaji anayemjua mzee huyu amekwisha kujua kwamba kuna mlipuko unakuja, amekwisha kujua utamwangukia nani, na amekwisha kujua kwamba mwishowe mzee atashindwa. Kicheko kinaanza kupanda kabla ya neno. Mtu asiyemjua anaona mzee amesimama tu mlangoni.

Na kile kimya kilikuwa na kazi nyingine. Vipindi vile havikutegemea kicheko cha kupachikwa kama vile vya Marekani. Nafasi za kucheka ziliachiwa watu wa sebuleni. Unakumbuka sebule zenyewe zilivyokuwa: Great Wall ya nyeusi na nyeupe, pengine inaendeshwa kwa betri ya gari, watoto wa majirani wamekaa sakafuni, wengine dirishani, na mmoja yuko nje anageuza antena huku akipigiwa kelele, "Hapo hapo! Usiguse!" Kicheko cha watu kumi na watano katika chumba kimoja huambukizana. Wewe juzi ulikuwa na mtazamaji mmoja, naye alikuwa anasubiri ruhusa ya kuondoka. Nafasi zile zilibaki wazi, na uwazi ule ndio uliousikia wewe pia ulipojikuta hucheki.

Nikuombe sasa umtazame upya Mama Kayai. Watu humtaja Ojwang' kwanza, na sina ugomvi nao, lakini ningeulizwa mimi nimtaje aliyekishika kipindi kisianguke, ningemtaja Mary Khavere, aliyekuwa Mama Kayai. Kufoka ni rahisi kuliko kufokewa. Mwigizaji anayefokewa akitangulia kuonyesha kwamba anajua la kujibu, mchezo umekwisha. Akionyesha kwamba ameumia kweli, watu wanamhurumia na kicheko kinakatika. Yeye alisikiliza. Alimwacha mzee apande mpaka juu kabisa ya hasira yake, akaendelea na kazi yake, kisha akamshusha kwa sentensi moja fupi, tena kwa sauti ya kawaida. Nyumba ilikuwa yake, na kila aliyekuwa akitazama alilijua hilo isipokuwa mume. Huwaambia wanafunzi wangu wazime sauti watazame uso wake peke yake kwa kipindi kizima. Wale wanaorudi wakiwa wameelewa, mara nyingi ndio wanaokuja kuwa waigizaji.

Mazoea ya namna ile hayatokani na kukariri maneno. Yalikuwa na asili yake katika mchezo wa papo kwa papo, ambao Afrika Mashariki umekuwepo kabla ya runinga: mnapewa kisa, mnajua nani anaingia wapi na kinaishaje, maneno mnayatafuta mbele ya watu. Ukitaka kuuona mtindo huo ukiwa haujachanganyika na kitu, tazama Tanzania. Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara haikuwako mpaka mwaka 1994. Kwa miaka yote hiyo wachekeshaji wa bara walilelewa na redio, ambako Pwagu na Pwaguzi walisikilizwa kila pembe ya nchi kupitia Radio Tanzania, na majukwaa ya vikundi vya utamaduni kama Muungano na TOT. Mwisho wa wiki Dar es Salaam ulikuwa unakaa kwenye ukumbi wa baa unaangalia ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, na taarab, vyote kwa kiingilio kimoja. Kichekesho kilikuwa kifupi, cha watu wawili watatu, wahusika wake wanajulikana wakionekana tu, na mazungumzo hayakuandikwa. Ukishindwa kuchekesha, watu wanarudi kwenye bia zao mbele ya macho yako. Hakuna chuo kikali kuliko hicho.

Kenya, wachekeshaji akina Kipanga na Mzee Pembe walikwisha kuwazoesha watu na wahusika wa kudumu kabla Ojwang' hajawa Ojwang'. Yeye aliipokea kazi, hakuizua.

Sasa nijibu lile la "hatukuwa na kitu kingine." Ni kweli kwa sehemu. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na tangu serikali ilipoichukua mwaka 1964 ikaitwa Sauti ya Kenya, mlikuwa na kituo kimoja hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, nayo mwanzoni haikufika mbali na Nairobi. Nyinyi wa Voi mlikuwa na kituo hicho kimoja, ambacho wakati huo kilikuwa kimekwisha kuitwa KBC, basi. Lakini fikiri kidogo. Kituo hicho hicho kilikuonyesha mambo mengine mengi. Kila jioni kilikuonyesha taarifa ya habari iliyoanza na safari za Rais, harambee aliyohudhuria na kwaya zilizomwimbia. Kama uhaba peke yake ungetosha kumfanya mtu apendwe, leo ungekuwa unamtafutia kijana wako zile taarifa za habari. Uhaba uliwakusanya mbele ya kioo. Kuwapenda watu waliokuwa ndani ya kioo mlikuwapenda nyinyi wenyewe, na mlikuwa na sababu.

Kuna sababu moja ambayo naona haisemwi inavyostahili. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere ni Mluhya. Mjaluo aliyependwa kuliko wote kwenye runinga ya Kenya, pamoja na mkewe, hawakuwa Wajaluo. Litazame hilo katika nchi ambayo mwaka 1969 Tom Mboya, waziri Mjaluo, aliuawa mwezi Julai, na kufika Oktoba damu ikamwagika Kisumu na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Nchi ambayo tangu hapo wanasiasa walijua kwamba kuwagombanisha Wakikuyu na Wajaluo ni mtaji. Na jioni Mkikuyu mmoja anavaa kofia na miwani, anaazima lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo wenyewe wanamwita wa kwao. Wengi walishangaa kusikia jina lake la kweli alipofariki, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kenyatta. Kuiga lafudhi ya jirani bila kumdhalilisha kunataka uwe umekaa naye, umemsikiliza, na unampenda. Yeye alikuwa hivyo, na watu walilisikia hilo hata kama hawakuweza kulieleza.

Sisemi hivyo kwa waigaji wote. Lafudhi ni silaha kali, na vichekesho vya enzi zile viliitumia vibaya mara nyingi: kabila hili ni wezi, lile ni washamba, lile ni walafi. Baada ya mauaji ya 2007 na 2008 sikio la Wakenya lilibadilika, ikaja hata sheria ya utangamano ya mwaka 2008 iliyoifanya kauli ya chuki kuwa kosa. Vivyo hivyo mizaha ya mume kumtishia mke kwa kipigo, au ya kumcheka mwenye kigugumizi. Ukikutana na mambo hayo mbele ya kijana wako, usiyatetee kwa ajili ya mapenzi ya zamani. Mwambie waziwazi kwamba hapa walikosea. Atakuamini zaidi utakapomwambia kwamba pale walipatia.

Vioja Mahakamani ilistahili jibu lake peke yake. Kipindi kile kilikuwa na akili kuliko kinavyosifiwa. Mahakama za chini za Kenya huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na mwananchi anayesimamishwa kizimbani mara nyingi husimama mbele ya lugha ambayo si yake. Ndani ya pengo hilo ndimo Vioja ilimojenga nyumba. Hakimu anauliza swali la kisheria, mshtakiwa analijibu kama swali la kijijini. Ondiek Nyuka Kwota, Otoyo, Makokha, Masanduku arap Simiti, kila mmoja alikuwa na mantiki yake kamili, na ukiifuata unajikuta unakubaliana naye kinyume cha sheria. Mashtaka yalikuwa yale yale yaliyowajaza watu rumande katika maisha ya kweli. Chang'aa, kwa mfano, ilikuwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980 iliyodumu hadi 2010. Mtu aliyekuwa amemwona mama mwenye nyumba akikimbia na debe usiku polisi walipoingia alikuwa na la kucheka, na alikuwa na la kuogopa. Vikikutana viwili hivyo, kicheko kinatoka mbali sana.

Tena angalia miaka. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Mchana watoto waliadhibiwa kwa ngeli, jioni wakamwona mtu mzima mwenye heshima zake akizivunjavunja ngeli hizo hizo mbele ya taifa zima na nchi haikuanguka. Najua walimu wenzangu waliolaumu vipindi vile kwamba vinaharibu lugha. Mimi naona vilifanya kinyume. Viliwaambia watu wa bara kwamba Kiswahili kinaweza kuwa chao pia, pamoja na ulimi walio nao.

Mbona basi havikugusa wakubwa? Kwa sababu kituo kilikuwa cha serikali, na serikali ilikuwa imekwisha kuonyesha inachokifanya kwa igizo isilolipenda: mwaka 1982 iliubomoa ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ kule Limuru uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Nyumba ya Ojwang' na kizimba cha Vioja palikuwa mahali salama, na wasanii walipanua pale walipoachiwa. Wa kwanza kumwigiza Rais Moi kwenye runinga akiwa bado Ikulu walikuwa vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliojiita Redykyulass, karibu na mwaka 2000 kwenye kituo cha Nation. Wale ndio hasa mabwana wa vichekesho vifupi: dakika chache, mavazi, sauti, wamemaliza. Nakumbuka watu wakicheka huku wakitazama mlangoni. Moi aliondoka mwaka 2002, na miaka mingi baadaye Kiarie akaingia Bungeni kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini.

Swali lako la pili nalipinga kidogo. Wasanii kama wale wanatokea. Vipaji vimejaa, na baadhi ya hao vijana wanaojirekodi kwa simu wana sikio zuri la lafudhi na macho makali. Wanachokosa ni kikundi na muda. Anayejirekodi peke yake lazima akunase katika sekunde za kwanza, kwa hiyo hawezi kusimama mlangoni akanyamaza kama Ojwang'. Hana wa kumfokea anayejua kufokewa. Mara nyingi anaigiza wahusika wanne mwenyewe kwa kubadilisha kilemba, na nampongeza kwa hilo, lakini hakuna mtu anayeweza kujishtukiza. Hata ule mkondo mkubwa wa jukwaa na kipaza sauti aliouvumisha Daniel Ndambuki, Churchill, pamoja na mema yake mengi, ni kazi ya mtu mmoja anayesimulia. Ni ufundi mwingine.

Mara ya mwisho kuona kikundi kikizaliwa mbele ya macho yetu na nchi nzima ikakipenda, kwa maoni yangu, ilikuwa Tanzania: Ze Comedy ya EATV, waliohamia TBC kwa jina la Orijino Komedi. Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Vengu, Mac Regan. Hawa walikuwa na mambo yote mawili, tukio na tabia. Joti akivaa ubibi hukuhitaji kuambiwa ni nani. Na kabla yao kulikuwa na wazee waliotengeneza njia, Mzee Small, yaani Said Ngamba, aliyefariki Juni 2014, na King Majuto wa Tanga, yaani Amri Athuman, aliyezaliwa 1948 na kufariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Majuto alikuwa akigeuza shingo tu, watu wako chini. Huo ni mwili uliofanya kazi jukwaani kwa zaidi ya nusu karne.

Kikundi hakidumu bila mshahara. Hapa ndipo mapenzi yetu ya zamani yanaponitia uchungu, kwa sababu tuliwapenda watu hawa kuliko tulivyowatunza. Wanjau uzeeni alisumbuliwa na macho, na ilibidi Wakenya wamchangie ili atibiwe. Wasanii wa kizazi chake wamelalamika hadharani, mara nyingi, kuhusu malipo madogo waliyopata kwa kazi iliyokuwa ikitazamwa na taifa zima. Anayesema hakuna tena kama Ojwang' aulize pia ni nani leo yuko tayari kuwalipa watu wanane wakae pamoja miaka ishirini mpaka wajuane kwa kupumua.

Sasa kuhusu kijana wako. Achana na vipande. Tafuta vipindi kamili, na usianze na Vitimbi, anza na Vioja, kwa sababu kila kesi inajitegemea na atajua mara moja nani anashtakiwa na kwa nini. Mpe kesi tatu au nne kwa jioni tofauti, zenye washtakiwa wale wale, ili awajue kwa majina. Utajua ameshawajua siku atakapokuambia, kabla ya mshtakiwa kufungua mdomo, kwamba huyu sasa ataharibu. Hapo mtoe mahakamani umpeleke kwa Ojwang'. Simu yake iwe chumba kingine, na ikiwezekana alika binamu zake na bibi yao, maana bibi atacheka mapema kuliko wote na vijana watageuka kumtazama wajue kuna nini. Kabla ya Redykyulass mweleze kwanza Moi alikuwa nani, alitawala miaka 24, alizungumza vipi, alibeba fimbo gani mkononi. Mwonyeshe hotuba moja ya kweli ya Moi, dakika tano zinatosha, ndipo umwonyeshe Mong'are. Na wewe ukiwa peke yako, rudia kipindi kimoja cha Vitimbi ukimtazama Mama Kayai tu, kisha uniandikie tena.